Vidonge vya Njano vya Hidaya

Jamani, nyumba ikitulia hakuna anayeizungumzia. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyeizungumzia nyumba ya Hashimu na Hidaya pale Kinole, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Ijumaa mchana, mume akisharudi msikitini, ungewakuta wawili hao barazani wanakwangua magome ya mdalasini, kila mmoja na kisu chake, redio inasema peke yake dirishani, ndizi zinachemka uani. Wakichoka kuongea walinyamaza, na kimya chao hakikuwa na kinyongo ndani yake. Binti yao wa pekee, Nasra, alikuwa ameolewa Mafiga, mjini Morogoro, na wao walibaki na shamba lao na mazungumzo yao ya kila siku.

Basi ni hapohapo barazani balaa lilipopigia hodi. Adhana ya Alasiri ililia, Hashimu akainuka akatawadha, kisha akamsogezea mkewe birika kama alivyozoea. Hidaya hakuligusa.

"Mama Nasra, swala imeingia."

"Nimesikia, Baba Nasra. We nenda tu. Mimi sisali leo."

Mwanamke wa Kiislamu akisema hasali leo, mumewe anajua maana yake: yuko kwenye siku zake. Mume mwingine angeitikia akaenda zake. Lakini Hashimu alibaki amesimama, maji yanamchuruzika viwikoni. Hidaya alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Hedhi yake ilikwishakoma. Ramadhani iliyopita alifunga siku zote thelathini mfululizo bila kukosa hata moja, na mwenyewe alicheka siku ya Idi akisema sasa analingana na wanaume. Sasa hii damu imetoka wapi?

Ili mnielewe, lazima nirudi nyuma kidogo. Hedhi ilipokoma, nyumba ile ilipata mwaka mbaya. Hidaya alikuwa akishikwa na joto la ghafla, uso unawaka, jasho linamwagika kama mtu aliyepandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani, ilhali Kinole kuna baridi hadi watu wamevaa masweta. Usingizi ulimpaa. Akawa mkali kwa mambo madogo, chumvi, mlango, kuku wa jirani. Mwisho akahamia chumba cha Nasra na kulala huko, na Hashimu hakuambiwa sababu. Naye hakuuliza. Alikaa na neno moja tu kichwani, kwamba mke amemchoka.

Halafu, baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, Hidaya akaanza safari za mjini. "Naenda kumwona Nasra," alisema, na kila alivyorudi alikuwa nafuu zaidi. Jasho likakauka, hasira zikapungua. Akaanza kuimba jikoni, na siku moja akarudisha mto wake kwenye kitanda cha mumewe. Hapo Hashimu alipaswa kusema alhamdulillah na kulala usingizi wake. Lakini mwanaume huyu, mke alipokuwa amenuna alishuku, na alipocheka ndiyo akashuku zaidi.

Na msimcheke bado, maana kulikuwa na jambo lililomtia hofu. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na shamba hufuata ukoo. Ile mikarafuu, migomba, midalasini, mpaka kiwanja nyumba iliposimama, vyote vilikuwa vya ukoo wa Hidaya, na msemaji wake alikuwa mjomba wake, Mzee Abasi. Hashimu alikuja pale kuoa. Miti mingi aliipanda kwa mikono yake mwenyewe, lakini ardhi haikuwa yake; mke akimwacha, angetoka mikono mitupu. Kwa hiyo alipomwona mkewe amerudiwa na damu ya usichana, alijiuliza swali moja tu, usichana huu ni wa nani? Akampata huyo mtu palepale: Godlisten, mnunuzi wa viungo kutoka mjini, aliyekuja na pikapu kila baada ya wiki mbili na kumchekesha Hidaya wakati wa kupima mdalasini. Godlisten alikuwa na miaka thelathini na mbili na alimwita Hidaya "mama". Shaka ikishaingia kichwani, vitu vidogo kama hivyo havihesabiwi tena.

Safari iliyofuata, Hashimu alisubiri hadi saa nne asubuhi akampigia Nasra simu.

"Mama yako kafika?"

"Ee... shikamoo baba. Kafika, ndiyo. Katoka kidogo."

"Katoka kwenda wapi?"

"Kidogo tu hapo, baba. Akirudi nitamwambia akupigie."

Nasra hakujua kudanganya tangu utotoni. Hashimu alikata simu, akaingia chumbani, akafungua sanduku la mkewe. Chini kabisa, katikati ya khanga, alikuta vikopo viwili vilivyokuwa vya mafuta ya kupaka. Kimoja kilikuwa na vidonge vyeupe, kingine vya njano. Hapakuwa na boksi, wala karatasi, wala jina. Akachukua kimoja kimoja, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akapanda bodaboda hadi Mkuyuni kwenye duka la dawa la Geofrey.

Geofrey, ndugu zangu, hakuwa mfamasia. Alikuwa akimshikia shemeji yake duka, na kazi alijifunza kwa kuangalia. Alivigeuza vidonge kwenye kiganja chake.

"Hiki cheupe sikifahamu, mzee. Ila hiki cha njano kama nakijua. Wanawake wanakitumia kuchezea siku zao. Wengine wanazuia nacho mimba."

"Mimba?"

"Ndiyo. Kwani ni vya nani?"

"Nimeviokota," alisema Hashimu. Akaangalia rafu za duka, akaona kopo la plastiki. "Na vile vya njano pale?"

"Zile vitamini tu. Za kuongeza hamu ya kula."

Ukiviweka pamoja ungedhani ni ndugu mapacha. Hashimu akanunua vitamini za kutosha.

Angeweza kurudi nyumbani, akaviweka vidonge mezani na kusema, mke wangu, hivi ni nini? Maneno matano tu hayo. Yeye alijiona mjanja zaidi. Alimwaga vidonge vya njano chooni, akajaza vitamini kwenye kikopo, akarudisha kila kitu chini ya khanga. Hesabu yake ilikuwa fupi: kama anazuia mimba, basi aizuie sasa tuone. Tumbo litamtaja mwenyewe. Na kila Hidaya alipoleta dawa mpya kutoka mjini, Hashimu alivizia akabadilisha tena.

Ukutani palikuwa na kalenda ya msikiti. Hashimu akaanza kuangalia swala za mkewe kuliko zake. Mwezi wa kwanza ukapita, Hidaya anasali tu. Mwezi wa pili, anasali. Zile siku chache za kuacha swala hazikuonekana. Mwezi wa tatu Hidaya akaanza kulalamika kwamba tumbo limemjaa na matiti yanauma, akawa anakaa kitako akishindilia kiuno kwa mikono. Yeye mwenyewe hakuogopa, alidhani mwili umeizoea dawa, na miadi ya daktari ilikuwa bado wiki tatu. Hashimu aliyaona hayo na kukubali moyoni kwamba mkewe amebeba mimba ya Godlisten. Inauma kusimulia, lakini alifurahi kidogo. Mtu anayeshuku hufurahi akipata alichokuwa anakitafuta, hata kama kitamuua.

Alienda kwa Mzee Abasi, kwa sababu kesi ya mke kwetu hupelekwa kwa mjomba wake. Jumapili asubuhi ukoo ukakaa uani kwa mzee. Alikuwepo Hidaya na dada yake mkubwa, Pili, na wazee watatu. Nje ya ua pikapu ilikuwa inapakiwa ndizi, na Godlisten mwenyewe alikuwa amesimama kando ya gurudumu, hajui lolote.

"Mzee wangu, shikamoo," alianza Hashimu. "Nimekuja kwa heshima. Binti yenu ana mimba, na si yangu."

Pili alikuwa wa kwanza kucheka. "Shemeji, una akili kweli? Mwenzio ni bibi wa watu!"

"Muulizeni anameza vidonge gani. Muulizeni anavificha kwa nini."

Mzee Abasi hakucheka. "Hashimu, neno ulilolileta hapa ni zito. Ukilithibitisha, binti yangu atakujibu. Usipolithibitisha, utanijibu mimi. Bado unalisema?"

"Nalisema."

Hidaya alisimama. Uso ulikuwa umempauka, na watu wakadhani ni aibu. "Vidonge ninavyo, mjomba. Sikatai. Baba Nasra, ungeniuliza ningekwambia. Navitumia kwa ajili ya..."

Hakumaliza. Alishika tumbo, akashikilia bega la Pili, na damu ikashuka miguuni mwake hadi kwenye kandambili. Ilikuwa nyingi. Wanawake wakaruka na khanga, wakamzunguka. Katika ghasia ile, Hashimu alinyoosha kidole, akasema neno ambalo hadi leo Kinole nzima inalikumbuka.

"Mnaona? Imetoka."

Hidaya alimsikia. Alikuwa amelala chini, macho wazi, akamsikia vizuri.

Gari lililokuwepo lilikuwa moja. Godlisten alishusha ndizi kwa kuzitupa, akatandika jamvi nyuma, na wakateremka milima kwa mwendo ambao barabara ile haijawahi kuuona. Pili alimpakata mdogo wake njia nzima. Alikuwa amepita nyumbani mbiombio akachukua vile vikopo, mahali alipoelekezwa na Hidaya, maana alijua daktari atauliza. Hashimu alikaa mbele karibu na dereva, amenyooka kama shahidi anayekwenda kusikiliza hukumu aliyoitaka.

Kule hospitali mjini waliwapokea kwa haraka. Hidaya akaongezewa damu, akapimwa, akafanyiwa ultrasaundi. Nasra alifika analia. Jioni daktari wa magonjwa ya wanawake, mama mmoja mfupi aliyeitwa Daktari Glory, akawaita ndani Hashimu, Pili na Nasra.

"Hakuna mimba," alisema. "Haikuwepo. Mgonjwa wangu huyu namfahamu, nimemtibu tangu mwaka jana. Mzee, wewe ndiye mume?"

"Ndiye mimi."

"Mkeo hedhi ilikoma, na kukoma kwenyewe kulimtesa. Joto, kukosa usingizi, maumivu mkiwa faragha. Nilimpima, nikaona anafaa kutumia dawa za homoni, nikampa. Vidonge vyeupe kila siku, vya njano siku kumi na mbili kila mwezi. Akivimaliza vya njano, anapata damu kidogo siku chache. Hilo nilimwambia, ni kawaida ya dawa yenyewe. Kinachonishangaza ni kingine. Ngozi ya ndani ya mji wake wa mimba imenenepa sana, kama mtu aliyemeza vyeupe peke yake. Mwenyewe anaapa anameza vyote."

Pili akatoa vikopo. Daktari Glory alipoviona alisonya kwanza. "Nilimpa kwenye maboksi, kila boksi limeandikwa. Kwa nini ametoa?" Kisha akamwaga vya njano mezani, akakichukua kimoja, akakinusa, akakivunja kwa ukucha. Harufu ya vitamini ikajaa chumba kile kidogo.

"Hii siyo dawa yangu. Nani kabadilisha?"

Nasra alimtazama baba yake, na Hashimu akayakwepa macho ya mwanawe. Hapo Nasra akajua.

"Baba?"

"Niliambiwa ni ya kuzuia mimba," alisema Hashimu.

"Na nani?"

"Dukani."

Daktari Glory aliweka kile kidonge chini taratibu. "Mzee, sikiliza. Kile cheupe kinaondoa joto na mateso yote uliyoyaona, lakini kikiwa peke yake kinaotesha ngozi ya ndani ya kizazi. Inaota, inaota, hadi inapasuka damu kama leo, na ikiachwa inaweza kugeuka saratani. Cha njano ndicho kilikuwa kinailinda. Wewe umeondoa ulinzi."

"Atapona?"

"Nimechukua kinyama kidogo cha ndani ya kizazi nikipeleke kupimwa. Subirini wiki tatu."

Wiki tatu hizo Hashimu alizimalizia kwenye benchi la hospitali na kwenye veranda ya mkwewe Mafiga, bila kula vizuri wala kupata usingizi. Kila alipoomba kumwona mkewe, Hidaya alikuwa amegeukia ukuta. Ni Nasra aliyemweleza siri yote ilivyoanza. Mwaka ule wa joto, walipokuwa barazani, redio ilizungumza habari za wanawake waliokoma hedhi wanaotumia dawa, na Hashimu akasema kwa sauti, "Mwanamke akikoma amekoma. Anayetaka kurudi usichana anamtaka nani?" Alisema akicheka, akasahau hapohapo. Hidaya hakusahau. Alipopewa dawa, na daktari akamsisitiza amweleze mumewe, alikumbuka kicheko kile, akavitoa vidonge kwenye maboksi na kuvificha. Maboksi aliyachoma moto.

Majibu yalikuja. Chembechembe zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini saratani haijaingia. Daktari akasimamisha vile vyeupe, akampa dawa nyingine ya kurudisha kizazi katika hali yake, kidonge kimoja kila asubuhi, na kipimo kila miezi mitatu. Jasho na joto vingerudi kwa sasa. "Tutatafuta njia nyingine ya kuyapunguza," alimwambia Hidaya. "Kwanza tuokoe kizazi."

Walirudi Kinole. Mzee Abasi akaita kikao, na Hashimu akapiga magoti mbele ya watu wote, akaomba radhi kwa mjomba, kwa Pili, kwa Godlisten, na mwisho kwa mkewe. Alilia, na wazee wawili wakasema mtu aliyelia hivyo asamehewe. Hidaya akasema amesamehe. Watu wakamshukuru Mungu, wakala ubwabwa, wakatawanyika.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kumeza kidonge chake, Hidaya aliingia chumba cha Nasra akafunga mlango kwa komeo. Alimwaga vidonge kitandani, akavihesabu, akasoma maandishi kwenye boksi, akakilinganisha kimoja na kingine kwenye mwanga wa dirisha. Siku nyingine ilimchukua nusu saa. Siku nyingine alikitia mdomoni akakitema. Chai iliyopikwa na Hashimu hakuinywa, na maji ya mtungi alichota mwenyewe. Hashimu alisikia komeo lile kila asubuhi kwa siku arobaini, akiwa barazani na kisu chake, akikwangua peke yake.

Siku ya arobaini na moja Hidaya alitoka, akakaa mbele yake.

"Baba Nasra, nilisema nimekusamehe na nimekusamehe kweli. Sina kinyongo na wewe."

"Nashukuru, Mama Nasra."

"Ila jana na juzi sikumeza. Nimeshindwa. Nakishika mkononi, naona ni kile chako. Daktari kasema nikikosa dawa hii nitakufa na ugonjwa mbaya. Nami siwezi kuimeza ukiwa ndani ya nyumba hii."

Hashimu aliweka kisu chini, juu ya magome. Miaka ishirini na saba, miti yote ile aliyoipanda, na hakuwa na jambo hata moja la kumpinga nalo.

"Ile siku nimelala chini," Hidaya akaongeza polepole, "nilikusubiri uniite jina langu."

Hashimu aliondoka Alhamisi, akaenda kwa ndugu zake Ngerengere, na talaka aliiandika mwenyewe bila kusukumwa. Kesho yake asubuhi Hidaya alimeza kidonge chake jikoni, kwa maji ya mtungi, mlango ukiwa wazi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mmesikia. Kukoma kwa hedhi si uchawi, si uzee wa aibu, wala si dalili kwamba mke amekuchoka. Ni jambo la mwili, linampata kila mwanamke anayejaliwa umri, na wapo linaowatesa sana. Tiba ipo. Dawa za homoni zinawafaa baadhi ya wanawake, wengine haziwafai kabisa, na anayejua nani yuko wapi ni daktari aliyempima, si jirani, si shoga yako, wala si kijana wa dukani anayeshika duka la shemeji yake.

Akina mama, msivitoe vidonge kwenye maboksi yake mkavificha. Hidaya angeacha maandishi yale, hata Hashimu angeweza kuyasoma. Na damu ikibadilika, ikikatika au ikizidi, msisubiri tarehe ya miadi, nendeni siku hiyohiyo. Akina baba, angalieni mnachokichekea barazani, kwa sababu mke anasikia na anaweka. Na wewe uliyemhesabia mkeo swala ukutani, ukamfungulia sanduku, ukampigia binti yake simu ya mtego, ukaenda dukani Mkuyuni na hadi kwa mjomba wake, jiulize ni mtu gani mmoja tu hukumwendea. Mwendee huyo leo, ungali ukikaribishwa ndani.